Sheria ifike hadi kaunta ya duka la dawa

Tangu Bunge lipitishe sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli mwaka wa 2016, Wakenya wamezoea kusikia jina la mwanariadha mwingine aliyepigwa marufuku. Jemima Sumgong, mshindi wa dhahabu ya marathoni kule Rio mwaka huo huo, alinaswa mwaka wa 2017. Asbel Kiprop akafuata. Oktoba 2025 ikawa zamu ya Ruth Chepngetich, aliyeweka rekodi ya dunia mjini Chicago mwaka wa 2024.

Wapo wanaosema hii ni dalili kwamba sheria inafanya kazi. Kwa maoni yangu, inafanya nusu ya kazi.

Sumgong na Kiprop walipatikana na EPO. Dawa hii ni ya watu kama wagonjwa wa figo waliopungukiwa na damu. Hudungwa kwa sindano, na kazi yake ni kuongeza chembechembe nyekundu. Mwenye afya anayeishi nyanda za juu kama Iten tayari anazo nyingi. Akiongezewa, damu huwa nzito, moyo hutaabika kuisukuma, na ikiganda mshipani huleta kiharusi au kifo cha ghafla.

Je, kijana aliyeacha shule ili akimbie huipata wapi? EPO haioti shambani pamoja na mahindi. Hutoka kwenye ghala au duka la dawa, na njiani yupo mtu anayejua vyema anachouza. Mkimbiaji akinaswa hupoteza riziki yake kwa miaka kadhaa. Muuzaji hufungua duka kesho yake kama kawaida.

Sheria yenyewe haikuwasahau makocha na madaktari wanaomsaidia mwanariadha kukosa. Kilichopungua ni utekelezaji. Bodi ya Famasia na Sumu haina budi kushirikiana na wapimaji, ili kila chupa ya EPO ijulikane ilikotoka na ilikodungwa.

Nawe mwanariadha, usimeze dawa ya jirani. Chepngetich alipatikana na dawa ya kuongeza mkojo, ambayo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu wanaijua. Mwambie daktari mapema kwamba wewe hupimwa.

Tukiendelea kukata matawi na kuuacha mzizi, tutazidi kupoteza medali, na siku moja tutawazika vijana wetu.