Minyoo ya Kilindini na Kura Yetu ya Kingston

Katika Mkoa wa Katavi neno "kaboni" limekwisha kuwa neno la mikutano ya kijiji. Wilaya ya Tanganyika ina vijiji 8 vinavyoutunza msitu wa Ntakata, na kwa kuutunza hulipwa mabilioni ya shilingi yatokanayo na mauzo ya hewa ukaa. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na zimewalipia wanakijiji bima ya afya. Mwaka 2022 Serikali ilitunga kanuni za biashara ya kaboni, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, kina kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni. Mtumishi wa umma hapa Kashaulili ambaye miaka 10 iliyopita asingejua kaboni ni nini, leo anaweza kukueleza kwa nini mti uliosimama una faida kuliko gunia la mkaa.

Hatua hiyo ni kubwa, wala siibezi. Lakini somo hilo tumelisoma nusu. Tumeaminishwa kwamba kaboni ni habari ya miti, kwa sababu ni miti iliyopata mnunuzi. Kisicho na mnunuzi hatukihesabu, na tusichokihesabu tunakiita kitupu. Ndivyo tunavyoiita sakafu ya bahari. Katika hotuba zetu za Uchumi wa Buluu bahari ina samaki, ina gesi, ina bandari na watalii. Chini yake pana tope. Makala hii inalitetea tope hilo, au kwa usahihi zaidi, wale wanaoishi ndani yake.

Bahari hufyonza takriban robo ya hewa ukaa ambayo binadamu huitoa kwa kuchoma mafuta, makaa na misitu. Sehemu ya kaboni hiyo huingia katika miili ya viumbe vidogo vya juu, planktoni, vinavyotumia mwanga wa jua kama yatumiavyo majani ya mti. Viumbe hivyo hufa, au huliwa vikatoka kama kinyesi, na mabaki yao huanza safari ya kushuka. Wanasayansi wa nchi za baridi huyaita mabaki hayo theluji ya baharini. Sisi wa nchi ya mpunga tungeyaita pumba: chembe nyepesi zinazoanguka polepole, usiku na mchana, kutoka katika mashine isiyozimwa. Sehemu kubwa huliwa njiani. Sehemu ndogo tu hufika sakafuni, pengine kilomita 4 chini, mahali penye giza la kudumu na baridi kali.

Huko chini wapo wanaoingoja. Wapo majongoo bahari, jamaa wa wale wanaookotwa katika maji mafupi ya pwani yetu, wakitembea juu ya tope na kulimeza. Wapo viti vya pweza, kaa, chaza, na minyoo ya aina nyingi mno inayochimba mashimo. Mnyoo mmoja huivuta pumba kutoka juu na kuipeleka sentimita kadhaa ndani ya tope, mahali ambapo oksijeni ni haba na uozo ni wa polepole. Kaboni iliyofika huko ina nafasi ya kuzikwa kwa maelfu ya miaka. Mwingine hupiga maji safi ndani ya shimo lake, na kwa maji hayo oksijeni huingia, bakteria hufanya kazi, chakula huoza, kaboni hurudi majini pamoja na virutubisho vitakavyolisha uhai mwingine. Hata hiyo inayorudi haitoki hewani upesi, kwa kuwa maji ya kilindini huchukua karne nyingi kabla ya kuonana tena na jua.

Kwa hiyo sisemi kwamba wanyama hawa ni walinzi wa kaboni, kama vile wamewekwa kuifungia. Wako wanaharakati wanaosema hivyo, na wanaidhoofisha hoja nzuri kwa kuitia chumvi. Mfano ulio karibu zaidi na ukweli ni wa mtunza ghala. Yeye halimi wala hauzi, lakini ndiye anayeamua gunia lipi lisukumwe nyuma kabisa, lipi litolewe leo, na lipi lipepetwe kwanza. Mfukuze mtunza ghala huyo na mzigo hautatoweka siku hiyo, ila hutajua tena kinachoingia na kinachotoka.

Msomaji wa Mpanda ana haki ya kuuliza: bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, yatuhusu nini? Yatuhusu, kwanza, kwa sababu tunacho kilindi chetu. Karema na Ikola ziko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470. Na ziwa hilo linatuonyesha jambo ambalo bahari inalificha: sakafu isiyo na wafanyakazi inafananaje. Kuanzia kina cha mita kati ya 100 na 200 na ushei, maji ya Tanganyika hayana oksijeni. Hakuna konokono, hakuna kaa, hakuna mnyoo wa kulichimba tope. Mashapo hulala tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu ambacho hakuna aliyekifunua. Ndiyo sababu watafiti huweza kusoma humo historia ya hali ya hewa ya karne nyingi.

Kaboni huzikwa kwa wingi katika tope la namna hiyo, na mbishi atadakia hapo: basi wanyama wa nini? Jibu ni kwamba ghala lisilo na mtunzaji limejaa pia sumu. Chini ya Tanganyika imekusanyika methani, na virutubisho vilivyonaswa huko haviwezi kupanda kuwalisha dagaa isipokuwa upepo uyachanganye maji. Kadiri maji ya juu yanavyozidi kupata joto, ndivyo yanavyozidi kuelea juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo. Mwaka 2003 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa chakula ziwani huenda umeshuka kwa asilimia 20. Mwaka 2016 wengine, wakisoma mifupa ya samaki na makombe ya konokono yaliyozikwa katika mashapo, walionyesha kwamba viumbe hao walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri, na kwamba sakafu yenye oksijeni, katika sehemu walizozichunguza, imepungua kwa takriban asilimia 38 tangu mwaka 1946. Mpaka wa uhai unapanda juu na kuwasukuma wakazi wa chini kwenye ukanda mwembamba wa ufukweni, ambako kokoro linawangoja na udongo wa mashamba yasiyo na makinga maji unawafukia.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Wavuvi walibeba mzigo huo, na bei ya dagaa na migebuka tuliiona wote. Sipingi ziwa kupumzishwa. Ninachopinga ni kumfanya mvuvi wa Ikola kuwa mshitakiwa pekee katika kesi ambayo joto la dunia lina kizimba chake.

Sasa tuje baharini, ambako uharibifu haujafanyika bado, na kwa hiyo maneno yana faida. Juu ya sakafu ya vilindi kadhaa duniani vimetawanyika vinundu vya madini, vikubwa kama viazi, vyenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Vilichukua mamilioni ya miaka kukua. Kampuni zinataka kuvikusanya kwa mashine zinazotambaa na kukwangua tope pamoja na kila kilichomo. Eneo linalotajwa zaidi liko Pasifiki, lakini katikati ya Bahari ya Hindi, bahari yetu hii, India imekuwa na mkataba wa utafutaji tangu mwaka 2002 katika eneo la kilomita za mraba 75,000.

Je, tope lililokwanguliwa hupona? Jaribio lipo. Mwaka 1989 wanasayansi wa Kijerumani walikokota jembe juu ya sakafu ya Pasifiki, mbali na pwani ya Peru, kwa kina cha zaidi ya mita 4,000. Watafiti waliporudi mwaka 2015, miaka 26 baadaye, matuta yalikuwa bado yanaonekana, na kiasi cha kaboni kilichokuwa kikipita katika miili ya wanyama ndani ya matuta kilikuwa bado chini kuliko nje yake. Na lile lilikuwa jembe tu, katika eneo dogo. Mkulima anayeacha shamba miaka 26 hapa kwetu hukuta msitu wa miombo.

Mambo hayo huamuliwa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, iliyoko Kingston, Jamaika. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari mwaka 1985, kwa hiyo ni mwanachama na ina kura. Tena si mwanachama wa kuja kusindikiza. Kamisheni ya Maandalizi iliyoanza kazi mwaka 1983 ili kuiandaa mamlaka hiyo iliongozwa kwanza na Mtanzania, Joseph Sinde Warioba, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari. Kizazi chake kiliipigania kanuni kwamba sakafu iliyo nje ya mipaka ya mataifa ni urithi wa pamoja wa binadamu wote, isiwe mali ya mwenye meli kubwa. Aprili 2025 Rais wa Marekani, nchi isiyouridhia mkataba huo, alisaini amri ya kuharakisha uchimbaji kwa kutumia sheria ya kwao, na kampuni ikapeleka maombi yake huko mara moja. Ufaransa, Ujerumani, Chile, Palau na Fiji ni miongoni mwa nchi zilizosema uchimbaji usubiri. Na sisi tunasemaje? Mimi sijapata kusikia mjadala wa hadhara, si Bungeni wala vyuoni, kuhusu maagizo anayopewa mjumbe wetu.

Ninaijua hoja ya upande wa pili, na ina uzito: dunia inahitaji betri ili iache mafuta, na nchi maskini zitapata mgawo. Kuhusu mgawo, mji huu ni shahidi. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa Mpanda kwa ajili ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ulifanya kazi miaka ya 1950, madini yakaisha kuwa na faida, kampuni ikaondoka, tukabaki na mashimo na tuta la reli. Kuhusu betri, jiulize nikeli ya Kabanga kule Ngara itauzwa kwa bei gani siku nikeli ya sakafuni itakapofurika sokoni. Waulize na Wakongo kuhusu kobalti yao, na Wazambia kuhusu shaba. Ni jambo la ajabu kwa nchi yenye madini nchi kavu kushangilia mshindani wake, tena mshindani anayelipia mtaji wake kwa kuvunja ghala la kaboni la watu wote.

Wala tusijifiche nyuma ya Kingston. Ndani ya bahari yetu wenyewe zipo futi za ujazo zaidi ya trilioni 47 za gesi asilia, nyingine chini ya maji ya kina cha zaidi ya mita 2,000. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi ya namna hiyo. Tathmini hiyo ihesabu minyoo. Ihesabu majongoo, ieleze tope litakalofukiwa na taka za kuchoronga visima, na ichapishwe kwa Kiswahili ili diwani wa Lindi aisome bila mkalimani. Mwaka 2009 nchi hii ilitenga hifadhi ya bahari Tanga kwa sababu ya silikanti, samaki wa kale wa majini kilindini. Uwezo wa kujali kilicho gizani tunao, ingawa inaelekea tunaukumbuka tu pale mnyama anapokuwa na sura ya kupigwa picha.

Kwa wanafunzi wangu, kazi ni hii. Mwandikieni mbunge wenu barua ya ukurasa mmoja, mkimwomba aiulize Serikali swali la msingi: msimamo wa Tanzania juu ya uchimbaji wa sakafu ya bahari ni upi, uliamuliwa na nani, na lini? Majibu yakitolewa yataingia katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na nitayaweka hapa neno kwa neno.