Mlango Usiouzwa

Kumpa mtu makimbilio si kumtandikia jamvi tu. Mwaka 615 wa Miladi Waislamu wa Makka, walipozidi kuudhiwa, walivuka bahari kwenda Uhabeshi, wakapokewa na Najashi, mfalme Mnasara. Makureshi wakampelekea wajumbe na hidaya ili awarudishe. Najashi hakukata shauri mpaka alipomsikiliza Jaafar bin Abi Talib, aliyesema kweli bila ya kuficha itikadi yake. Kisha akazirudisha zile hidaya, na wageni wakakaa kwa amani.

Basi aliyedhulumiwa akibisha mlangoni pako usiku, na asubuhi wakaja wanaomtaka kwa zawadi na maneno matamu, msikilize yeye kwanza. Kumpokea ni wema. Kutomuuza ndiko kumhifadhi. Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.