Lala Hoteli ya Kifahari Guangzhou Bibie, Ila Deni la Mchezo Halilali

Wiki hii mjini hakuna stori nyingine. Bibie mmoja maarufu, mwenye fremu mbili Kariakoo na wafuasi wa kutosha Instagram, kaenda Guangzhou kufuata mzigo. Safari hii hakufikia kwenye zile hoteli za bei poa za Xiaobei wanakofikia Waafrika wengi. Kajitupa White Swan, hoteli ya nyota tano iliyoko kisiwa cha Shamian, ukingoni kabisa mwa Mto Zhujiang, yaani Mto wa Lulu.

Picha zikaanza kumwagika. Bibie na maporomoko ya maji ndani ya ukumbi. Bibie na samaki wa rangi. Bibie dirishani usiku, boti zenye taa zinapita nyuma yake. Kapsheni ya picha ya maporomoko: "Kama Dubai vile."

Mashabiki wakagawanyika kama kawaida yao. Wapo waliosema kula bata dada, umetafuta kwa jasho lako. Wapo waliosema anaringa, mtaji unapotea hivi hivi. Hadi hapo zilikuwa kelele za kila siku. Moto uliwaka pale maneno ya kijumbe wa mchezo yalipovuja.

Kumbe bibie anacheza mchezo na wanawake wenzake 10, kila mmoja laki tano kwa mwezi. Zamu yake alishapokea zamani. Miezi miwili sasa hajatoa, na mwezi huu zamu ni ya mama mmoja mjane anayesubiri hiyo hela alipe kodi ya fremu kabla mwenye jengo hajamtolea vitu nje. Kijumbe, mama wa makamo anayeheshimika sokoni, akamtafuta.

"Shikamoo mama," bibie akajibu baada ya siku tatu. "Nivumilie, huku China mtandao unasumbua sana."

"Marahaba mwanangu. Mtandao wa kurusha picha haukusumbui?"

Hapo bibie akazima simu. Na kijumbe ana hoja. Kwa wasiofahamu, China Instagram na WhatsApp zimefungwa, mpaka mtu atafute njia kama VPN ndo apite. Kwa hiyo bibie alihangaika kupata njia, akaipata, akaitumia kurusha picha zaidi ya 40. Jibu la sentensi moja kwa mama wa watu ndo likakosa njia.

Sasa tuwe wakweli. Wanaoishambulia hoteli wanakosea, na wanaosema mwanamke wa Kariakoo hana hadhi ya kulala pale wanakosea zaidi. Watanzania wanapeleka hela Guangzhou kila mwaka, wanazunguka masoko ya jumla mpaka miguu inavimba, wanalala vyumba vya kubanana na mabegi. Mtu akiamua usiku mmoja au miwili alale kama binadamu, kwa hela yake, dhambi iko wapi? Shida ni hayo maneno matatu ya katikati: kwa hela yake.

Na kuna shida ya pili ambayo watu hawajaisema. Bibie kalipa hela yote ile, halafu hakuona alichokilipia.

Yale maporomoko aliyoyafananisha na Dubai yana jina lake. Wachina wameyaita "maji ya nyumbani". Ni mlima wa mawe umejengwa ndani ya hoteli, juu yake kibanda cha paa la Kichina, maji yanashuka hadi kwenye bwawa la samaki. Milima na maji ni kitu kikubwa kwenye uchoraji na bustani za Kichina tangu enzi na enzi. Lile jina liliwalenga Wachina waliokuwa wameishi ughaibuni miaka mingi, ili wakirudi tu na kuingia mlangoni wakutane na kwao. Hata jina la hoteli limetoka hapo hapo mtoni, kwenye sehemu mikono mitatu ya maji inapokutana, panapoitwa Bwawa la Bata Bukini Mweupe. Hakuna chochote pale kilichojengwa ili kifanane na Dubai.

Kisiwa chenyewe nacho kina historia nzito. Shamian ilikuwa fungu la mchanga. Baada ya Vita vya Pili vya Kasumba, Waingereza na Wafaransa wakaligawana, wakajenga nyumba zao, makanisa yao na benki zao, wakatenganishwa na mji kwa mfereji. Madaraja yalilindwa, Mchina wa kawaida haingii atakavyo. Ndani ya nchi yake mwenyewe!

Ndo maana kilichotokea mwaka 1983 Wakantoni hawajakisahau. White Swan ilipofunguliwa, China ilikuwa ndo kwanza inajifungua kibiashara, na hoteli kubwa zilikuwa za wageni wa nje. Mwananchi anaishia getini. Tajiri wa Hong Kong aliyeijenga, Henry Fok, akang'ang'ania kwamba milango ibaki wazi kwa kila mtu. Watu wakamiminika, wazee kwa watoto, na ndala zao, kuja kuangalia maporomoko na kupiga picha. Inasimuliwa hadi leo kwamba karatasi za chooni zilikuwa zinaisha kwa kasi ya ajabu kwa sababu watu waliondoka nazo. Milango haikufungwa kwa sababu hiyo. Baadaye wamekuja wakubwa wa dunia, Malkia Elizabeth wa Pili akiwemo mwaka 1986, lakini sifa ambayo watu wa mji wanaisimulia kwa furaha ni ile ya kuruhusiwa kuingia.

Sasa linganisha. Mwenye hoteli aliifungua ili mtu wa chini naye aingie. Bibie anaitumia hoteli hiyo hiyo kuwaambia wenzake "nyie bado sana". Kaikosea maana mpaka jengo.

Wapo wanaojua kupatumia. Mzee mmoja wa Kariakoo, aliyeanza kwenda Guangzhou kabla hawa mastaa hawajamaliza shule, halali pale hata siku moja. Analala hoteli ya kawaida, ila kila safari anakutana na msambazaji wake kwenye chai ya asubuhi, na mara nyingine Mchina humpeleka huko huko mtoni. Chai ya Kikantoni si kikombe na kuondoka. Mnakaa saa mbili au tatu, vinakuja vikapu vidogo vya mianzi vyenye vitafunwa vya mvuke. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, maana siu mai huwa na nguruwe, na hata vile vimfuko vya kamba mara nyingi vina mafuta yake.

Adabu yake sasa. Unawamiminia wenzako kwanza, wewe mwenyewe mwisho, na mdogo anammiminia mkubwa. Ukimiminiwa unagonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndo asante yenyewe. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong alikuwa akitembea kwa kujificha, akawamiminia chai watu wake. Kwa kuwa hawakuweza kupiga magoti bila kumuumbua, wakakunja vidole mezani vipige magoti badala yao. Birika likiisha, unaacha kifuniko kimekaa upande, mhudumu anaelewa.

Mtoto aliyelelewa Pwani, aliyefundishwa kuwamiminia wageni maji ya kunawa akianzia kwa mkubwa, hahitaji mkalimani hapo. Yule mzee anasema mzigo wa mkopo alianza kupewa baada ya chai, si baada ya kuonyesha noti. Mchina alimwangalia anavyommiminia mama yake mzazi aliyekuwepo mezani, basi. Heshima ya kwenye chai ndo ileile ya kwenye deni: mwenzako kwanza, wewe baadaye.

Bibie kaifanya kinyume. Kajimiminia yeye, birika likaisha, mjane wa watu akabaki na kikombe kikavu.

Watetezi wake wanasema labda aliwekeza, kwamba staa lazima aonekane pazuri ili wateja waje, na picha za hoteli ni matangazo ya biashara. Sawa, tukubali. Lakini Kariakoo mtaji wa kwanza ni jina. Mchezo hauna mkataba wala mahakama. Unasimama kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake atatoa. Wanawake wengi walipata mzigo wao wa kwanza kwa hela ya mchezo, na inasemekana hata bibie mwenyewe alianzia hapo. Akiubomoa, anawabomolea ngazi wanaopanda nyuma yake. Picha moja ya dirishani inaweza kumletea wateja kumi wapya, ila kijumbe mmoja akisema "huyo msimpe" hapati tena wa kumkopesha mtaa mzima.

Na njia ya kutoka bado ipo. Hoteli nyingi za China zinashika amana wakati wa kuingia na kuirudisha unapotoka. Hiyo tu ikirudi, aitume. Nyingine auze ile mikoba aliyokuwa anaionyesha. Atoe milioni yake, ampigie kijumbe, amwombe radhi mama mjane kwa mdomo wake, si kwa kapsheni. Akishamaliza, mwakani arudi White Swan kwa raha zake. Akae karibu na lile bwawa, na simu aiweke kwenye pochi japo kwa saa moja.

Mwenye jengo kampa yule mama mpaka Ijumaa. Wadau mnasemaje: wenzake wamchangie mjane kwanza halafu wamdai bibie, au wamsubiri arudi na kontena?