Kijana Anataka Kuandika Programu? Usikimbilie Kulipa

Mzazi wa Keroka, kabla hujatuma pesa kwa kozi ya mtandaoni inayoahidi kijana kazi akimaliza, hebu tuongee kidogo. Pesa ikishaingia kwa namba ya mtu, kuirudisha ni shida, na vifaa vya kuanzia havina bei.

Python ni ya bure tangu 1991. Scratch ya MIT, iliyotoka 2007, ni ya bure pia, na ukishaipakua kwa kompyuta haili bando. Mwaka 2022 KICD iliidhinisha masomo ya kuandika programu shuleni, kwa hivyo muulize mwalimu kwanza.

Sisi tunaona kijana aanze na hesabu ya nyumbani. Mama anauza ndizi sokoni: mikungu mingapi, alinunua pesa ngapi, nauli, ushuru. (Na Keroka ilivyokaa Kisii na Nyamira, huo ushuru pekee ni somo la "kama hivi, basi vile"!) Mistari kumi tu inatoa faida ya siku. Ikikosea, mama ataijua papo hapo.

Laptop ingoje. Python inaandikika hata kwa simu ya Android. Ila akiazima yako, PIN usimpe.