JINA LA MAREHEMU LI WAPI?



Juzi tulivuka kwenda Dar es Salaam kutafuta mali ya duka, tukafikia Temeke kwa mzee wetu mmoja. Baada ya sala ya alasiri akatusimulia habari ya ami yake, aliyechukuliwa na Waingereza mwaka 1917, kijana asiyeoa bado, akatwishwa mzigo kufuata majeshi upande wa Rufiji. Hakurudi. Barua haikuja, mshahara haukuja, na mama yake kila Ramadhani alimwekea sahani ya futari hata akafa.

Twawajua watakaosema kwamba huyo hakuwa askari, alikuwa mpagazi. Na waisome sanamu yao wenyewe! Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini Dar es Salaam mwaka 1927, imewataja wapagazi pamoja na wapiganaji, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ila jina la mtu halimo hata moja. Wapagazi waliokufa wakadiriwa kufika 95,000, wengi kwa kuhara na njaa, si kwa risasi. Kariakoo imepata jina kwa kazi yao. Wao wenyewe hawana.

Nasi wa visiwani tutazame Chapwani. Mabaharia wa manowari Pegasus, waliouawa bandarini kwetu tarehe 20 Septemba 1914, wamelala pale kwa majina yao. Hatuwaonei kijicho. Chuoni tulifundishwa kuwa maiti ana haki ya kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Twauliza tu: ni mizani gani hiyo iliyompa huyu jiwe na yule ikamwachia fisi?

Wenyewe wamekiri. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, ikakubali kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mzee wa Temeke radhi hiyo hakuisikia. Hakuna aliyembishia hodi.

Na wakubwa wetu, ambao kila tarehe 25 Julai huweka mashada ya maua penye mnara? Twawataka jambo jepesi: kila sheha, na kila mwenyekiti wa mtaa huko bara, afungue daftari, aketi na wazee waliobaki, aandike jina la mtu na alikochukuliwa. Mzee wetu amepita miaka themanini, hangojei kamati.

Jina la ami yake tumeliandika katika daftari letu la madeni, baina ya mchele na unga, maana karatasi nyingine hatukuwa nayo. Hapa hatulichapi, kwanza na lichongwe. Afisa atakayelitaka atatukuta dukani tangu saa moja asubuhi.