Timu ya roboti inaweza kushindwa kabla ya kuwasha betri

Kila msimu wa mashindano ya roboti, picha mtandaoni ni zilezile. Wanafunzi wamevaa fulana zinazofanana, bendera mabegani, roboti yao mezani, na pongezi zinamiminika.

Picha ambazo hatuzioni ni za timu zilizotengeneza roboti, ikafanya kazi vizuri, halafu zikakwama kwenye dirisha la ubalozi. Kwa shule nyingi za kwetu, hiyo ndiyo mechi ya kwanza, na haina refa.

Ukumbi mmoja, timu tatu

Turudi Julai 2017, Washington, Marekani. Ndipo mashindano ya FIRST Global yalipofanyika kwa mara ya kwanza, yakiwa na timu za vijana kutoka nchi zaidi ya 150.

Mchezo ulihusu maji safi. Roboti zilikusanya na kutenganisha mipira: ya bluu ni maji, ya rangi ya chungwa ni uchafu. Timu za nchi tatu zilicheza upande mmoja, kwa hiyo mshirika wako wa mechi hii angeweza kuwa mpinzani wako mechi ijayo.

Wasichana sita kutoka Herat, Afghanistan, walisafiri karibu kilomita 800 hadi Kabul kwa ajili ya usaili wa viza. Wakakataliwa. Wakarudi tena. Wakakataliwa tena. Hata vifaa vyao vya roboti vilichelewa kuwafikia. Habari ilisambaa dunia nzima, Rais Donald Trump akaingilia kati, na wakaingia Marekani kwa kibali maalumu. Waliondoka na medali ya fedha ya ujasiri.

Timu ya Gambia nayo ilinyimwa viza mwanzoni, kisha uamuzi ukabadilishwa.

Timu ya tatu ni ya majirani zetu, Burundi. Wao walipata viza, wakafika, wakashindana. Mashindano yalipoisha, vijana wote sita hawakuonekana. Walikuwa na umri wa miaka 16 hadi 18. Polisi walisema hakukuwa na dalili kwamba wamedhuriwa, na wawili kati yao walionekana wakivuka mpaka kuingia Kanada.

Ni rahisi kuwalaumu. Lakini kumbuka Burundi ilikuwa kwenye hali gani. Tangu mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu, nchi ilikuwa kwenye mgogoro na mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamekimbia, wengi wao kuja Tanzania. Kijana wa miaka 17 aliyekulia humo anaona mbali kidogo kuliko meza ya mashindano.

Mtoto atathibitisha nini?

Sasa tuje kwenye sheria. Kifungu 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinamtaka ofisa amchukulie kila mwombaji wa viza ya matembezi kama mtu anayetaka kuhamia, hadi mwombaji mwenyewe athibitishe vinginevyo. Kwa kawaida mtu huonyesha kazi, nyumba, biashara au familia inayomtegemea.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana nini kati ya hivyo? Ana daftari, sare ya shule na roboti. Yaani sheria inamuuliza swali ambalo umri wake haumruhusu kulijibu.

Na swali hilo si la bure. Ada ya maombi ni dola 185 kwa kila mtu, na hairudishwi ukikataliwa. Timu ya wanafunzi sita na walimu wawili inalipa dola 1,480 kabla ya kununua tiketi hata moja. Wazazi wakishachangishana kiasi hicho halafu jibu likawa hapana, nani atawaambia wachange tena mwakani?

Kanda yetu ina nafasi

Ndiyo maana mashindano ya kanda yanastahili uzito kuliko tunavyoyapa. Wengi huyaona kama ngazi tu ya kufikia Ulaya au Marekani. Mimi nadhani yanaweza kuwa lengo lenyewe.

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hawahitaji viza kutembeleana. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Timu ya Arusha inaweza kupanda basi asubuhi na jioni ikawa Nairobi, roboti ikiwa mapajani. Kwa gharama ya safari moja ya Marekani, shule ingeweza kupeleka timu kadhaa.

Mfano wa Kiafrika upo. Mwaka 2016, Sidy Ndao, Msenegali aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Nebraska, Marekani, alianzisha Pan-African Robotics Competition, na mashindano ya kwanza yakafanyika Dakar. Wazo ni kwamba vijana wa Afrika wakutane Afrika, wakitatua matatizo ya Afrika. Tatizo kwetu ni umbali: kutoka Dar es Salaam hadi Dakar ni kuvuka bara zima. Ndiyo maana tunahitaji la kwetu, la karibu.

Tusijidanganye pia. Kanda nayo ina vikwazo vyake. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Siasa zikichafuka, hata basi linasimama. Na boksi lenye waya, mota na betri litaulizwa maswali forodhani popote uendako.

Kama timu yako inajiandaa

Mambo matatu ya kufanya mapema:

1. Anzeni na pasipoti, roboti ifuate. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa atachelewesha timu nzima.

2. Bebeni orodha ya vifaa vyote, yenye mhuri wa shule. Betri za akiba za lithiamu hukaa kwenye begi la mkononi ndani ya ndege, haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini.

3. Wekeni lengo ambalo halitegemei safari: roboti ionyeshwe shuleni, wadogo wafundishwe, michoro na programu vihifadhiwe. Safari ikifa, kazi isife nayo.

Hilo la tatu ndilo kubwa, na ushahidi wake unatoka Herat. Mwaka 2020, Covid-19 ilipopamba moto na mashine za kupumulia kuwa adimu, wasichana wa timu ya roboti ya Afghanistan walitengeneza mfano wa mashine ya bei nafuu. Walitumia vipuri vya Toyota Corolla. Ndiyo, Corolla hiyohiyo unayopishana nayo mtaani kwako.

Mwaka uliofuata Taliban waliichukua Kabul, na baadhi ya wanatimu wakakimbilia Qatar na Mexico. Ukumbi wa Washington ulishasahaulika. Walichoondoka nacho ni kujua kutengeneza kitu kinachofanya kazi kwa vifaa vilivyopo.

Kwa hiyo timu ya shule ya jirani ikirudi bila kikombe, au isipoondoka kabisa, usiulize wameshika nafasi ya ngapi. Waulize roboti iko wapi sasa hivi, na nani anafundishwa kuiendesha. Kama iko kabatini imefungiwa na ufunguo anao mkuu wa shule, hapo ndipo timu imeshindwa kweli.