Bamvua la Machi

Mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita utosini mwa Unguja. Bahari imeshapashwa moto na miezi ya kaskazi, na masika yamekaribia. Tena kwenye mwambao wetu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, basi kombe, chaza na majongoo bahari huachwa wazi jua likiwa linapanda. Mvua kubwa ikiwakuta hapo, wanapatwa na mashaka mawili kwa mpigo: joto na upungufu wa chumvi.

Toleo hili tumewapa viumbe hao wasio na uti wa mgongo, na ninataka kuanza na chaza. Maji ya bahari kuu yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Samaki wengi wana figo na matamvua ya kuilinda damu yao. Chaza hana kinga hiyo, chumvi ya mwilini mwake hufuata ya nje. Maji yakizimuka, seli zake huvimba, mpaka atoe asidi-amino alizojiwekea ndani ili mizani irudi, na kazi hiyo inakula nguvu. Kwa hiyo kwanza hufunga gamba, akangoja. Hapo ndipo joto linapomweza. Gamba likifungwa oksijeni haiingii, na mwili uliopata moto huteketeza akiba yake upesi. Saa ambazo angezivumilia wakati wa kipupwe, Machi hazivumilii. Akifungua, maji ya mvua yanamwingia. Asipofungua, anakosa pumzi.

Jongoo bahari hana hata gamba. Katika ukoo wake wote, pamoja na kiti cha pweza, hakuna hata mmoja aishiye mtoni wala ziwani, na akibanwa sana hutapika matumbo yake. Kaa wa mikoko yeye ni habari nyingine: anajua kuisawazisha damu yake, ndiyo maana midomo ya mito ni kwao.

Lawama yangu iko kwenye vipimo vyetu. Mara nyingi tunapandisha joto kwenye tangi huku chumvi tumeishikilia palepale, au tunapunguza chumvi na joto tukaliacha. Satelaiti nayo husoma joto la uso wa bahari. Haikioni kidimbwi cha upana wa sinia juu ya mwamba, ambacho jua hukikausha kikazidi bahari kwa chumvi, kisha mvua ya nusu saa ikakizimua. Na tukipima, tunampima chaza mzima aliyekwisha komaa, wakati mtoto wake mchanga, anayeelea wiki mbili tatu kabla ya kushika jiwe, ni dhaifu kuliko yeye. Mwaka 1998 matumbawe ya pwani hii (nao ni wanyama, tusisahau) yalipauka na kufa kwa wingi, na lililobaki vinywani ni joto. Lakini msimu uleule wa El Niño ulikuwa umeleta mafuriko, na mito ya Sabaki, Tana na Rufiji ikamwaga maji yake baharini.

Wanaolipa gharama ni kina mama. Wanawake wa Fumba na Bweleo waliojitia katika ufugaji wa chaza hawapati hasara ya joto mbali na hasara ya mvua. Wanaokota magamba yaliyoachama, basi. Wao huenda pwani kila bamvua, na wanajua ni upande gani wa mwamba chaza hufa kwanza. Sijui ni kwa nini tunasubiri mpaka mwisho wa utafiti ndipo tuwaulize.

Kwa hiyo kuanzia toleo lijalo, makala yoyote ya utafiti wa pwani itakayoletwa kwetu itaje joto na chumvi vilivyopimwa mahali pamoja, kimo cha maji, na saa ya kipimo. Isiyotaja tutamrudishia mwandishi arudi pwani.